Kiti cha Nyuma Kushoto

Mkija kuniuliza habari za magari makubwa, vijana wangu, njooni na nafasi, maana mimi swali la gari silijibu kwa neno moja. Juzi alinijia mmoja wenu hapa Nguvumali, Tanga, akaniamkia vizuri, akaketi, kisha akatoa simu kunionyesha picha ya gari jeusi, refu, linalong'aa hadi kwenye vitasa. Anataka kuliagiza Japani. Akaniuliza, "Babu, gari kama hili nitegemee nini?" Nikamjibu kwamba kitu cha kwanza ni kukosa mahali pa kuliegesha pale sokoni. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Gari la namna ile mkia wake hubaki barabarani wakati pua imekwisha gusa ukuta, na wenye bajaji watakutukana bila kukujua jina.

Mimi nimeliendesha la aina hiyo miaka kumi na minne, hadi nilipostaafu. Halikuwa langu, lilikuwa la kampuni ya kusafirisha mizigo, na aliyekaa nyuma alikuwa mkurugenzi wetu, Bosi Kassim. Lakini ukinishika vizuri nitakwambia lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Yeye alijua linavyokalika tu. Mimi nilijua linakohoa wapi.

Aliyenikabidhi funguo ni Mzee Mhando, Mbondei mmoja mkavu wa maneno, aliyekuwa amewaendesha wakurugenzi watatu kabla ya huyo. Nilitoka kwenye malori, nikadhani kazi ni kukaa tu na kushika usukani mwepesi. Siku ya kwanza akanifungulia mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akaniambia niingie niketi. Siku nzima nikaendeshwa yeye akiwa dereva na mimi bosi. Tulikwenda Pongwe tukarudi, tukaenda Horohoro hadi karibu na geti la mpakani tukarudi. Nilipomuuliza lini nitashika usukani, akaniuliza breki ya mwisho nimeisikia wapi. Nikasema mguuni. Akatikisa kichwa. "Aliyekaa hapo breki anaisikia tumboni," akasema, "na haisikii mapema, kwa sababu haoni ulichokiona wewe."

Kesho yake ndipo akanipa usukani. Akakaa yeye kwenye kile kiti, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi kikombe kidogo cha kahawa chungu kilichojazwa hadi mdomoni. Mtihani wangu ulikuwa lile shati. Nilivuka reli, nikapita matuta yote, nikajiona nimefaulu, kisha mbuzi akakatiza njia kule karibu na Mabokweni. Mzee Mhando aliliangalia doa kifuani pake kwa muda mrefu, akasema mke wake atataka kunifahamu. Wiki tatu nilifanya mtihani huo, na mashati matatu yaliharibika, kabla hajaniambia basi.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, nao ni kutaka kujua. Gari lile lilinitesa kwa maswali. Kwanza lilikuwa linaongea. Lilikuja na sauti ya mwanamke wa Kijapani, na kila ulipowasha alikusalimu kwa adabu, kisha akaendelea kueleza mambo yake. Hatukujua anasema nini, wala fundi hakuweza kumbadilisha lugha. Fundi alichoweza ni kumwekea kitufe cha kumnyamazisha. Kwenye kioo chake alituonyesha ramani ya Japani, na siku zote gari letu lilionekana limesimama katikati ya bahari ya kwao. Nilimzoea. Asubuhi nilikuwa namwitikia.

Pili, viti vya nyuma vilikuwa vinakanda mgongo. Hilo sikuambiwa. Siku moja Bosi alinituma nimchukue shekhe mmoja mtu mzima sana kumpeleka kwenye maulidi, na mimi katika kutafuta kitufe cha kupunguza ubaridi nikabonyeza nisichokijua. Shekhe akaruka, akageuka kutazama nyuma yake, akasema kuna mtu. Nikasimamisha gari nikamwomba radhi huku nimeloa jasho. Akaugusa mgongo wa kiti, akafikiri kidogo, akaniuliza kama huyo mtu anaweza kurudi. Tulipofika alikuwa amelala.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni kimya. Mkiingia gari kubwa la kifahari, vijana, kitu mtakachokipata ambacho magari mengine hayana si ngozi ya viti wala mlango unaojivuta wenyewe ukaingia mahali pake. Ni kimya. Ukifunga, barabara ya Taifa inageuka picha, unaona mtu anakupungia na kufungua mdomo na husikii kitu. Nilitaka kujua kimya hicho kinatengenezwaje. Siku fundi alipofungua mlango wa kulia kutengeneza kioo, nilikaa chini pembeni yake kama mwanafunzi. Kumbe kioo kimoja kilikuwa vioo viwili vilivyogandana. Ndani ya mlango kuna sufi na mipira, chini ya zulia kuna sufi tena nene kama godoro, na ndiyo maana gari lina uzito mkubwa na linakunywa mafuta bila huruma. Fundi akaniambia uzito mwingi wa gari lile ni wa vitu vya kuzuia watu wasisikie.

Kimya kile kina ubaya wake kwa dereva, na hili mliweke kichwani. Kila kinachosemwa nyuma unakisikia. Mtu akimeza mate, unasikia. Mzee Mhando alinifundisha kwamba masikio ya dereva yanabaki nyumbani, mimi nikaona ni rahisi kusema. Nilisikia mengi, nayo hamtayapata kwangu.

Kuhusu miguu ya gari lile nitasema kwa kifupi. Halina springi za chuma kama lori, limekaa juu ya maputo ya hewa, na kuna kitufe cha kulifanya laini, kitufe cha kulifanya gumu, na kingine cha kulinyanyua kwenye njia mbaya. Hewa yetu hii ya pwani ina chumvi, na chumvi inakula mipira na mabomba yake. Ukienda kulinunua, usimsikilize anayekuonyesha redio. Mwambie alizime, aliache hadi kesho, kisha uje ulitazame kama limelala upande mmoja. Likiwa limelala, mshukuru, uondoke.

Basi nije kwenye habari ya Bi Mwanatumu, ambayo ndiyo iliyonifundisha gari lile kuliko vitufe vyote.

Bi Mwanatumu alikuwa mama yake Bosi Kassim, akiishi Maramba kwenye shamba lake la michungwa, na alikuwa hataki kuhama. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mwaka ule alikuwa amebakiwa na mwanga tu, anajua mchana na usiku, basi. Dawa ilikuwepo, ni kupasuliwa, jambo dogo. Tatizo halikuwa kisu, tatizo lilikuwa gari. Bibi yule alikuwa akipanda gari anatapika hadi nyongo, na mara ya mwisho aliyoletwa mjini alirudi kwake akaapa kwamba atakayemtoa tena Maramba amtoe ndani ya jeneza. Bosi alimbembeleza miaka. Bi Mwanatumu akisema hapana, ni hapana.

Kisha wakaja Tanga madaktari wa macho, wageni, wa siku tano tu. Baada ya hapo hakuna aliyejua watarudi lini. Bosi alikwenda Maramba akakaa na mama yake kutwa, akamweleza kuhusu gari jipya, akamwambia hilo halitikisiki, halina harufu ya petroli, ukiwa ndani hujui kama linakwenda. Akaapa kwa hilo. Mama akakubali kujaribu mara moja tu, na siku yenyewe ikawa ya tano, ya mwisho, tena awe amefika hospitali kabla ya adhuhuri.

Jioni ya kuamkia safari nililiosha gari hadi chini ya matairi. Nikamweleza mke wangu nani anapanda, naye akasema huyo si abiria, huyo ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima anafukiziwa. Sisi pwani ndivyo tulivyo. Tukaweka chetezo ndani ya gari, udi wa nguvu, tukafunga milango na vioo, tukauacha moshi uingie kwenye viti kwa saa nzima. Asubuhi nikamalizia na marashi ya waridi kwenye zulia. Nikabonyeza kitufe cha ulaini, laini kabisa. Nikafunga vioo vyote vumbi lisimguse, nikatia ubaridi. Mpaka leo nikikumbuka nilivyojiona fundi siku ile, naona haya.

Maramba tulimpandisha kwa taratibu. Bosi alimkalisha mama yake kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma kushoto, yeye akakaa kulia kwake amemshika mkono. Yule mwanamke wa Kijapani akasalimu. Bi Mwanatumu akamwitikia, kisha akauliza ni mke wa nani. Tukacheka. Nikaondoka kwa mwendo wa kikombe cha kahawa, nikimkumbuka Mzee Mhando kila kona.

Barabara ya Maramba kwenda Mabokweni ilikuwa ya changarawe na ina kona nyingi. Gari lilielea. Kwenye kioo nilimwona bibi anafungua ukaya wa kichwani, kisha anaweka kiganja kifuani. Hatujafika hata nusu ya njia akaniambia nisimame. Alishuka akatapika, akapanda. Tukaenda kidogo, akatapika tena, safari hii hakuwahi kushuka. Mara ya tatu alipotoka hakurudi ndani. Alipapasa akapata jiwe kando ya shamba la mihogo, akaketi, akajifunga leso yake.

Bosi alipiga magoti mbele yake. Mtu ambaye ofisini tulimwogopa hata kikohozi chake, alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe na kanzu yake nyeupe, anamsihi kwamba leo ndiyo siku ya mwisho.

"Nirudishe kwangu, Kassim," akasema. "Giza nimekwisha lizoea. Hili silizoei."

Nilisimama pale na sabuni zangu na udi wangu, nikaona ni mimi niliyemfanyia hivyo. Nilikuwa na hasira na gari, na mimi mwenyewe. Halafu, kwa sababu ya ule ugonjwa wangu, nikashikwa na swali. Nikachutama karibu naye nikamuuliza, "Bibi, katika vyombo vyote ulivyopanda maishani, hakuna hata kimoja ambacho hakikukuchefua?"

Akaugeuzia uso upande wa sauti yangu. Kisha akasema kipo. Katika usichana wake alikuwa akikata katani kwenye shamba la wazungu, na jioni walirudishwa na trekta. Walikaa kwenye tela, wazi, juu ya matita ya mkonge. Alikuwa akitaka kukaa mbele kabisa, upepo umpige uso, na hakutapika hata siku moja. Tena tela lile, akasema, lilikuwa linakutikisa hadi meno, ukijua kila jiwe ulilolipita.

Nikabaki nimechutama. Nikakumbuka nilipokaa kile kiti cha nyuma siku ya kwanza, breki ikinifikia tumboni kabla sijajua kuna nini. Mimi nilikuwa na macho na bado ilinishangaza. Huyu hana macho, nasi tumemfungia kwenye chumba kisicho na sauti, kinachoelea, kinachonuka udi, tukamnyima njia yote. Hana cha kumwambia kwamba sasa tunakata kona isipokuwa tumbo lake.

Nikamwendea Bosi pembeni nikamwambia ninachotaka kufanya. Akanitazama.

"Mama yangu akae mbele kama utingo?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Bosi, kiti cha heshima leo ni kile atakachofika nacho."

Bosi akafungua mlango wa mbele.

Nilichukua ndimu kwa mama mmoja wa pale shambani, nikazikata, nikapangusa viti vyote na maji ya ndimu mpaka udi ukapungua. Nikafungua vioo vinne na dirisha la kwenye paa. Nikazima ubaridi. Nikabonyeza kitufe cha ugumu, gari likakaza miguu. Nikamwingiza Bi Mwanatumu mbele, nikampa nusu ndimu anuse, nikauweka mkono wake juu ya dashibodi ili asikie mashine. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nikaanza kumsomea njia.

Kona kulia, Bibi, ndefu. Sasa imenyooka. Shimo kushoto, tunalikwepa. Tuta. Wanakuja ng'ombe, nashika breki pole pole. Mteremko, mwisho wake daraja. Nilisema hivyo bila kupumzika, koo likanikauka, na vumbi la njia likaingia kwa madirisha na kwa paani likajaa mdomoni. Baada ya kona kumi hivi nikamwona anainamia upande wenyewe kabla gari halijakata. Baadaye akaanza kuniuliza hao ng'ombe ni wa rangi gani, na shamba hili wamepanda nini, na nyumba ile ya fulani ingali na bati. Bosi alikuwa nyuma peke yake, kwenye viti vile vya rangi ya maziwa, na sote watatu tulikuwa wekundu kama matofali.

Hakutapika tena. Tulipofika hospitali muuguzi alitutazama, akalitazama gari, akauliza kama tumepinduka. Jina la Bi Mwanatumu lilikuwa la mwisho kuandikwa siku ile.

Walimpasua jicho moja, la kulia. Alilala pale, na kesho yake saa nne wauguzi wakamfungua bandeji, wakampa miwani nyeusi na dawa ya matone na onyo moja kali kwamba vumbi lisimguse. Vumbi lisimguse, maana yake vioo vifungwe, na vioo vikifungwa turudi kwenye chumba kile kile cha jana. Gari nilikuwa nimeliosha kwa maji matupu na kulianika hadi jioni. Nikamwambia Bosi hofu yangu, akasema hakuna njia nyingine.

Akakaa mbele tena, hakuuliza. Bosi akaenda nyuma kushoto, mahali pake. Nikafunga vioo, kimya kikatuzunguka, tukashika lami. Nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho, nasubiri mkono uende kifuani. Haukwenda. Alikuwa amenyoosha shingo anaitazama barabara kwa lile jicho moja, na tulipokaribia kona ya kwanza akasema kwa sauti ndogo, "Kulia." Nikakata kulia. "Sasa imenyooka," akasema. Akanisomea njia yote hiyo, pikipiki, mbuzi, tuta, mama na mzigo wa kuni, na kila alichokitaja alikitaja kwa furaha, nami nikamwitikia kila mara kwamba nimekiona. Njia aliyoijua, tumbo lake halikuwa na ugomvi nayo.

Tulikuwa tumepita Mabokweni alipogeuka nyuma. Tangu hospitali alikuwa hajamtazama mwanawe vizuri, kwa miwani na watu na haraka. Alimtazama kutoka kofia hadi ndevu, taratibu, mpaka nikapunguza mwendo bila kuambiwa. Mara ya mwisho alipouona uso ule ndevu zilikuwa nyeusi.

"Kassim," akasema, "mbona umezeeka hivi, mwanangu? Nani alikuwa anakuangalia?"

Kwenye kioo changu nikamwona Bosi ameinamisha kichwa na mabega yanakwenda. Na nimekwisha kuwaambia gari lile ni gari gani. Hakuna upepo, hakuna injini, hakuna barabara. Mtu mzima, mkurugenzi, analia mbele ya dereva wake na anajizuia, na kila pumzi yake naisikia kana kwamba ni yangu. Nilitaka kumfungulia kioo apate kelele ya kujificha, nikalikumbuka jicho. Mkono wangu ukatafuta kwenye dashibodi, ukakipata kile kitufe cha kunyamazisha alichokiweka fundi, nikakibonyeza, na yule mwanamke wa Kijapani akaanza kusema, maneno mengi, kwa sauti kubwa, bila kupumzika. Nyuma huko Bosi akapata kulia.

Bi Mwanatumu alirudisha uso wake mbele. Alisikiliza kidogo, kisha akaniuliza huyu mwanamke anasema nini.

"Anasema kuna kona kushoto, Bibi," nikamjibu.

"Mwongo," akasema, akajifuta chini ya miwani kwa ncha ya leso. "Mbele pamenyooka. Napaona."